Mwalimu Paulin Sikuli Hakulishwa Sumu

Mwalimu Paulin Sikuli alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa marehemu Muzee Sikuli, mfanyabiashara wa kahawa, na marehemu Mama Masika. Mama yao alipofariki mapema, dada yake mkubwa, Lucie, ndiye aliyemlea na kumpeleka shule siku ya kwanza.

Alisoma Butembo hadi akamaliza sekondari, kisha akapata lisansi, yaani shahada, ya biolojia Bukavu mwaka 1994. Huko alimjua Charline Cibalonza, aliyesomea Kifaransa. Walifunga ndoa kanisani Goma, Jumamosi tarehe 9 Agosti 1997, wakajenga nyumba mtaa wa Ndosho.

Alifundisha biolojia katika shule ya Himbi, Goma, miaka ishirini na minane. Mwaka jana, akiwa mwenyewe anajidunga insulini, aliwaeleza wanafunzi wa mwaka wa sita inavyotengenezwa: wataalamu hutia ndani ya bakteria jeni la binadamu lenye maagizo ya insulini, bakteria huitengeneza kama fabriki, kisha bakteria huondolewa, ikabaki insulini peke yake.

Mwanafunzi Mahoro akauliza, "Mwalimu, ile bakteria inalipwa nini?"

"Sukari," akajibu. "Na miye niko nayo ya kupita kiasi."

Ugonjwa wenyewe ulianza Mei 2023. Alikonda kilo kumi na mbili, akinywa maji bila kukata kiu. Kanyere, mjane wa mdogo wake, alikuwa amekimbilia nyumbani kwake kutoka Rutshuru, naye ndiye aliyepika. Maneno yakaanza: karuho, sumu ya polepole. Hospitali ilipima, ikakuta sukari. Paulin alianza insulini, akarudisha mwili, akaendelea kula chakula cha Kanyere.

Jumapili tarehe 16 Novemba 2025, mkewe akiwa Bukavu kumzika mama yake, Lucie alikuja Ndosho na chupa ya dawa ya kienyeji. Habari za lile somo zilikuwa zimemfikia.

"Weye mwenyewe ulisema inatoka kwa mikrobe," alimwambia. "Na unaitia mu damu? Acha siku tatu tu. Kunywa hii, itaondosha karuho."

"Yaya, hakuna karuho," Paulin akamjibu dada yake.

"Basi kunywa juu yangu miye niliyekulea."

Paulin alijua hatari ya kuacha insulini kuliko yeyote nyumbani, lakini hakuwahi kumkatalia Lucie kitu. Alikunywa, akaacha insulini. Lucie mwenyewe ameomba haya yasomwe.

Jumatano Kanyere alimkuta haitiki. Alimpakia kwenye pikipiki, akajifunga naye kwa kitenge asianguke, wakaenda hospitali. Alifariki Alhamisi tarehe 20, saa nne asubuhi. Daktari aliandika: ugonjwa wa sukari, kukatizwa kwa insulini. Karatasi iko nyumbani. Anayetaka aje asome.

Tangu kilio kianze, kuna wanaomwambia Kanyere, "Fungasha, muchawi." Kwa siku mbili Charline, mjane wa marehemu, alisikia akanyamaza. Alikosea, na anaomba radhi mbele ya jeneza hili.

Mwalimu Sikuli ameacha mke, Charline. Watoto wawili, Prodige na Julie. Dada yake Lucie. Na shemeji yake Kanyere, aliyemlisha miaka mitatu, ambaye anabaki katika nyumba ya Ndosho na ndiye atakayetupa udongo wa kwanza.

Apumzike kwa amani, na waliobaki nyumbani kwake wakae kwa amani.