Juu-Chini Atafuta wa Kumchagulia

Benchi la kijiwe cha kahawa ni ubao mmoja juu ya makopo mawili ya rangi, nje ya geti la hospitali, na anayekaa katikati ndiye anayebonyea. Asubuhi hiyo alibonyea Juu-Chini, aliyeendesha lifti ya hospitali tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kazi yake ilikuwa neno moja: "Wapi?" Mtu akitaja ghorofa, yeye anabonyeza. Sasa imeletwa lifti ambayo kila mtu anajibonyezea, na ofisi imemwambia achague: getini, kufua mashuka, au chumba cha maiti. Asipojibu kabla ya adhuhuri, akae nyumbani. Usingizi ukamhama, moyo ukaenda mbio, hadi binti yake akampeleka kwa mshauri wa mambo ya nafsi. Leo kaja kijiweni na shida moja: wamchagulie.

— Enhe, kakupa vidonge vya rangi gani? aliuliza Wembe, kinyozi.

— Hata kimoja. Anasema siumwi.

— Nauli imekwenda na maji!

— Anasema huko Ulaya kulikuwa na madaktari waliochoka kumwambia kila mgonjwa kwamba ubovu wake umetoka utotoni. Wakafungua vitabu vya wanafalsafa. Vita vikapita, watu wakabaki na miguu yao miwili lakini hawajui wanaamkia nini. Waliofuata wakasema mtu hutaabishwa na mambo manne: kwamba atakufa, kwamba yuko huru, kwamba yuko peke yake, na kwamba maana ya maisha yake hakuletewa na mtu.

— Manne tu? alisema Bi Birika, muuza kahawa. Hao hawajaoa.

— Na uhuru unauma wapi? aliuliza Wembe.

— Hapa, kifuani. Eti naogopa kwa sababu naweza kuchagua.

Funguo, dalali wa vyumba, alicheka.

— Hao ni watu wa baridi. Theluji ikikufungia ndani, utawaza nini kama si kifo? Mtembea bure si sawa na mkaa bure.

— Baridi wapi! Ni lifti, alisema Wembe. Zamani mtu alipanda ngazi pamoja na roho yake. Ikaja lifti: mwili uko ghorofa ya tano, roho iko chini inahema. Ndipo wakatafutwa madaktari wa kuziita roho zipande.

— Kwa hiyo ugonjwa nimeuleta mimi?

— Ndiye wewe, kaka. Nimekusamehe.

— Ndiyo maana chumba cha maiti kiko chini, alisema Funguo. Mwili unarudishwa kwa roho yake.

— Jamani, nichagulieni! Mshauri kasema atakaa nami, ila hanichagulii.

— Getini, alisema Wembe. Kila mwenye ndevu unamleta kwangu. Mchagua jembe si mkulima.

— Chumba cha maiti, alisema Funguo. Utakuwa wa kwanza kujua chumba gani mtaani kimebaki wazi. Kufa kufaana.

— Mashuka, alisema Bi Birika. Unifulie na vitambaa vyangu. Mimi sikufichi.

Mama mmoja aliyebeba chupa ya chai na kandambili za mgonjwa alikuwa amesimama akimalizia kikombe chake.

— Samahani, wazee wangu. Na yeye mwenyewe anataka ipi?

Funguo alinyoosha kikombe aongezwe. Bi Birika aliinamisha birika, likatoa machicha.

— Kahawa imekwisha. Nipisheni nibebe ubao wangu.

Juu-Chini akaingia ndani. Ofisi iko ghorofa ya tatu. Alikuwa peke yake kwenye lifti, mlango ukajifunga, na mdomo, kwa mazoea, ukauliza:

— Wapi?

Hakujibu mtu. Lifti ikabaki pale pale na taa yake.

— Mashuka, alisema hatimaye, akiuambia ukuta. Mashuka hayana pa kwenda, na mimi nimechoka kuuliza.

Akafikiri kidogo.

— Ila vitambaa vyake Bi Birika atafua mwenyewe.

Moyo bado ulikuwa unaenda mbio alipobonyeza tatu.