Papa Semana na Vigari Arobaini na Saba

Tarehe 30 Juni 1967 Papa Herménégilde Semana anarudisha funguo za depo yetu ya bandarini Kalundu, baada ya kuzibeba kiunoni miaka mingi kati ya thelathini na miwili ya kazi yake. Kwa haki angezirudisha mwaka 1965, umri ulipotimia. Alikataa. Sababu ni vigari vya kuchezea, na kwa kuwa wengine mmeingia kazini juzi tu, inafaa mwelezwe vizuri.

Alianza mwaka 1935 kama mbebaji wa mizigo, akapanda hadi kuwa mwangalizi wa depo nzima. Hapokei kitu bila kukigeuza. Kopo la maziwa, sufuria, cherehani, vyote hutazamwa chini kwanza. Mke wake, Mama Félicité, anasema hata sahani ya ugali huinuliwa, ndiyo maana hampakulii mchuzi mwingi.

Mwaka 1953 meli ya kutoka Kigoma ilishusha katoni ya kamio ndogo za chuma, malori ya kuchezea watoto. Mfanyabiashara aliyeziagiza akazikataa. Baadhi zilikuwa na magurudumu ya chuma, nyingine ya plastiki ya kijivu, akadai wabebaji wamebadilisha mali yake. Watu sita walikuwa karibu kufukuzwa. Papa Semana akazipindua zote mezani: maandishi ya chini yalikuwa yale yale, kalibu ni moja, kiwanda chenyewe kilibadilisha magurudumu katikati ya kazi. Wale sita wakabaki. Mfanyabiashara akaona haya, akamwachia kamio mbili, moja ya kila namna.

Basi ugonjwa ukaanza hapo. Mwaka wa uhuru, Wazungu wakifunga masanduku, watoto wao walimwachia vingine vingi. Hakutafuta vizuri wala vipya. Alitafuta ndugu wasiofanana: gari lile lile, hili lina msumari mnene chini, lile mwembamba; hili jekundu kama yote, lile limetoka kiwandani na rangi ya kahawia. Aliviandika kwa namba katika daftari, akavifungia katika kabati la depo. Vilifika arobaini na saba.

Mei 1964 uasi ulipoingia Uvira tulikimbia, kila mtu na njia yake, mimi na mtoto mgongoni. Tuliporudi kabati lilikuwa wazi, tupu. Daftari tu lilikuwa sakafuni.

Ndipo aliposema retreti, yaani kustaafu, itangoja. «Kitu kilipotea mu mikono yangu,» alimwambia chefu Sévère, mkuu wetu. «Minye siwezi kutoka mu mulango ile bila kujua iko wapi.» Chefu akamwongezea miaka miwili, bila siku moja ya ziada.

Tangu hapo kila Jumapili, akitoka kanisani, alishika njia ya vijiji vya Runingu na Luberizi kuvitafuta. André, mbebaji wetu, hakumwacha: «Papa Semana, watu wengine wako wanatafuta ng'ombe zao, weye uko unatafuta kamio ya kuingia mu mufuko!» Akajibiwa: «Na weye ulikimbia na nini? Na sufuria ya mukwe wako!» Depo nzima ilicheka, André naye.

Hakunyang'anya mtoto hata mmoja. Alitengeneza vigari vya makopo ya sadini, magurudumu akiyakata katika soli za viatu vilivyokwisha, akabadilishana kimoja kwa kimoja. Mwanangu anacho kimoja, analala nacho. Runingu mama mmoja alikuwa amepaka vitatu rangi ya mlango wake. Papa Semana akavigeuza, akavitambua. Watu waliona bidii yake, wakaanza kurudisha hata vitu vya depo vilivyoibwa: mizani yetu kubwa ilitoka chini ya kitanda cha mtu. Pasaka ya mwaka huu alikuwa na arobaini na sita. Ilibaki namba 47, kamio ya kahawia yenye magurudumu ya plastiki na msumari mwembamba.

Mwezi wa tano akasikia kuna kamio ya kahawia Mulenge, juu mlimani, akapanda. Kwa Bibi Nyiransengimana, mjane, alimkuta mjukuu wake Anne amekumbatia kamio ya kahawia yenye magurudumu ya mti. Mtoto hakutaka kuiachia. Papa Semana akaona yale magurudumu, akasema si yetu, akashuka.

Alipofika Luberizi alisimama njiani. Mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa amehukumu kitu bila kukigeuza. Akalala pale, asubuhi akapanda tena.

«Weye muzee, miguu yako haichokake?» Bibi alimcheka. Safari hii hakumwomba Anne kitu chochote, ila ailaze kamio juu chini katika kiganja chake mwenyewe. Maandishi yalikuwepo, msumari mwembamba ulikuwepo. Ilikuwa 47. Gari la kopo alilompa, Anne alilirudisha: «Hii endesha weye.»

Ndipo Bibi alipoeleza. Nyumba yao iliungua vitani. Anne alitoka na kamio hiyo, magurudumu yameyeyuka; haya ya mti alichongewa baadaye. Mama yake hakutoka.

Papa Semana alikaa chini, akafungua daftari, na mbele ya namba 47 akaandika: «Iko Mulenge, kwa Anne. Magurudumu ya mti. Namna ya pekee, kiwanda hakina.» Akamwomba mtoto aweke alama ya kidole, akamwagiza asiipake rangi. Kila mwezi wa tano atapanda kuikagua.

Kesho yake alimwambia chefu yuko tayari kwenda.

Papa Semana, asante kwa depo uliyoisimamisha tena, na kwa macho uliyotufumbua. Mungu akupe afya, wewe na Mama Félicité, na magoti ya kupandia mlima miaka mingi.

Ernestine Nizeyimana, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa depo