Mpira Chini ya Antena

Benchi la mbele ya gereji ya Mwai, hapa Mweiga, halikosi watu saa ya kahawa. Siku hiyo walikuwa wawili tu: Ngatia, anayeitwa Jaji kwa sababu hakuna kesi asiyoikata, na Hezekiah, anayeitwa Satelaiti kwa sababu habari za dunia yote zinampitia yeye. Adhis aliwamiminia kahawa, mtoto wake Apondi akiwa mgongoni, lakini macho yake yalikuwa kwenye pikapu ya kikundi cha kuzima moto, iliyosimama kando ya benchi. Mume wake, Omondi, alikuwa msituni akizima moto na wenzake saba. Huko simu haishiki. Redio ya pikapu ndiyo iliyobaki.

Redio ikakoroma.

— Gari, gari, mwanisikia? Ni Omondi. Moshi umetufunika. Tushuke na njia gani?

Kutoka benchini moto ulionekana wazi: ulikuwa umeshavuka njia ya chini. Mwai, fundi mwenyewe, akaruka ndani ya gari, akafinya maiki.

— Msishuke na ya chini! Pitieni josho la ng'ombe! Omondi, josho!

— Gari, mwanisikia?

Mwai akatoa kichwa dirishani, jasho likimtiririka.

— Sisi tunawasikia, wao hawatusikii. Na redio hii nimeifunga juzi tu!

— Ni baridi ya mlima, Jaji akakata kesi. Sauti inatoka hapa na joto lake, ikifika kule inaganda.

— Baridi gani na msitu unawaka? Satelaiti akamdaka. Hao ni ndovu. Ndovu wakiongea kwa ile sauti yao nzito, redio zote zinafungwa. Nilisikia kwa taarifa ya habari.

— Ati ndovu! Mbona hawajafunga mdomo wako?

— Gari, tafadhali. Sauti ya Omondi ilikatwa na kikohozi. Njia gani?

Hakuna aliyecheka tena. Adhis aliweka birika chini. Mbele ya wanaume hawa hakuwahi kuuliza zaidi ya sukari ni vijiko vingapi.

— Fundi, alisema polepole, ukifunga taa za gari huwa unakwangua rangi kwanza ili waya ushike bati. Hapa ulikwangua?

Mwai alitupia macho paa la pikapu.

— Na huo mpira chini ya antena, ni wa nini?

Jaji alimtazama Satelaiti. Satelaiti alitazama kikombe. Pikapu ilipakwa rangi nyekundu ili mchungaji aje kuiombea Jumapili, na ni wao wawili waliomwonya Mwai asithubutu kuichuna. Basi Mwai alitandika kipande cha tyubu ya baiskeli chini ya kitako cha antena, na waya mweusi akaufunga juu ya rangi.

— Tulikuwa tunalinda rangi, Satelaiti akanong'ona.

Mwai alikuwa ameshapanda juu na spana na bisu. Alitupa mpira, akakwangua. Maganda mekundu yalianguka ndani ya kahawa ya Jaji. Bati lilipong'aa, Mwai aligandamiza kitako na waya hapo kwa nguvu zake zote.

— Mama Apondi, siwezi kuachilia! Shika maiki wewe!

Adhis aliingia, akafinya.

— Pitieni josho. Njia ya chini inawaka.

Aliachilia kidole. Kimya. Mtoto alikohoa mgongoni. Kisha redio ikakoroma.

— Adhis? Ni wewe? Josho, nimesikia. Tuko wote wanane. Tunageuka.