Vidonge vya Soli

Benchi letu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi redio, na mimi ndiye ninayeuza kahawa hapo. Wateja wa kudumu ni watatu. Yupo Soli, mshona viatu, anayefanyia kazi mwisho wa benchi. Yupo Betri, mwenye kibanda, anayetengeneza redio na pasi huku akidakia mazungumzo kupitia dirishani. Na yupo Gia, dereva wa lori mstaafu, ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa jibu la swali lolote. Mwaka huu ugonjwa uliingia benchini. Soli alikutwa na saratani ya mapafu, akapewa vidonge vya kumeza nyumbani, akarudi kuwa mtu. Miezi michache baadaye mke wa Betri, tunayemwita Mama Pacha, naye akakutwa na saratani ya mapafu. Yeye akatundikiwa dripu, nywele zikamwisha, kikohozi hakikuisha. Jioni moja Soli akaja hajashika nyundo wala kiatu, akapitisha mkono dirishani na kumwekea Betri mezani kikopo cha rangi ya viatu.

— Fungua, akamwambia.

Kikopo kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Ndani mlikuwa na vidonge.

— Hivi si vyako? Betri akauliza.

— Vilikuwa vyangu. Mpelekee shemeji.

Betri akazima chuma chake cha kulehemu, akatoka nje, akaketi nasi na kikopo mapajani.

— Chukua, Gia akasema. Mapafu ni mapafu. Kilichomsimamisha huyu kitamsimamisha na yule.

— Ngoja kwanza, nikasema. Hospitali si moja? Madaktari si wale wale? Kwa nini huyu wampe vidonge, yule wamtundikie dripu?

— Hilo dogo, Gia akasema. Vidonge ni vya wanaume. Mwanamke mapafu yake ni laini, yanataka kitu cha majimaji.

— Mzee, Soli akasema, pale dirisha la dawa napanga foleni na wanawake tele, na wanapewa hivi hivi.

— Basi ni upande. Wewe lako ni pafu la kulia au la kushoto?

— La kulia.

— Umeona. Na la mkeo, Betri?

— La kulia.

Gia akapiga funda la kahawa ili apate muda.

— Basi nitawaambia. Ni cherehani. Mama Pacha anashona kutwa. Ule mtetemo unaingia kifuani, ugonjwa unazoea kutikiswa, unakuwa sugu. Wa Soli umelelewa kwa utulivu, ndiyo maana ukasikia dawa.

— Mimi nagonga nyundo kutwa nzima.

— Nyundo inapumzika. Cherehani haipumziki.

Betri akacheka kidogo. Hatukuwa tumemsikia akicheka tangu mkewe aanze dripu, na nadhani ndicho Gia alichokuwa akikitafuta muda wote.

— Wewe Soli, nikasema, daktari alikwambiaje hasa?

Soli akapangusa mikono kwenye aproni yake.

— Walikata kipande kidogo cha uvimbe wakakipeleka maabara. Daktari anasema zamani saratani ilipewa jina la mahali ilipokaa. Ya pafu, ya titi, ya tumbo, basi. Siku hizi wanaingia mpaka ndani ya chembe zake, wanatazama ni jeni gani imeharibika. Kumbe watu wawili wanaweza kuwa na saratani ya mapafu, na kila mmoja ana ugonjwa wake. Mimi kuna jeni moja ni kama swichi iliyokwama kwenye kuwaka. Inaziambia chembe ongezekeni, ongezekeni. Kidonge kinakwenda kuishika ile swichi.

— Na ambaye swichi yake haijakwama? nikauliza.

— Kidonge hakina cha kushika, akasema, akainama. Lakini nani kasema shemeji hana? Majibu yake hayajatoka. Anaweza kuwa nayo.

Nikamgeukia Betri.

— Wewe ni fundi. Redio mbili zipo kimya hapo mezani kwako. Utazifungia kifaa kimoja?

— Hata kidogo. Moja imekata fyuzi, nyingine imekatika waya wa spika. Hiyo ya spika ukiiwekea fyuzi mpya itabaki kimya vilevile.

— Sasa?

— Sasa nini? Ingekuwa redio nisingekubali. Huyu ni mke wangu. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Jirani ananiletea kitu kilichomwinua yeye, unataka nikiache mezani?

Gia akamwekea mkono begani, naye Betri akafunika kikopo na kukitia mfukoni.

Hapo ndipo Mama Pacha alipotokea, kitambaa kichwani, anatembea taratibu kama mtu aliyebeba maji. Alikuwa anatoka hospitali. Miaka yote hiyo hakuwahi kuketi kwenye benchi letu. Hupita tu, akasalimia na kwenda zake.

— Shikamoo, mzee, akamwambia Gia.

— Marahaba, mwanangu. Pole na safari.

— Nimeshapoa. Mbona mmenyamaza?

Betri hajui kumficha mkewe kitu. Akatoa kikopo, akamweleza yote. Mama Pacha akavitazama vile vidonge bila kuvigusa.

— Soli, umevitoa wapi hivi?

— Ni vyangu hivi, shemeji.

— Najua ni vyako. Hospitali wanakupa vya kukufikisha siku ya kurudi, wala hawazidishi. Hivi vimezidi vipi?

Tukatazamana. Tulikuwa tumeongea kulia na kushoto, wanaume na wanawake, nyundo na cherehani, na hilo hakuna aliyeliuliza. Soli akafungua mdomo kujibu, kikohozi kikamtangulia. Akageuza uso, akakohoa kwenye kiwiko, na mimi nikakumbuka kuwa kikohozi hicho kilikuwa kimerudi siku nyingi, tukalilaumu vumbi.

— Siku nameza, siku naruka, akasema hatimaye. Nilidhani nusu itanitosha.

Betri akamsukumia kikopo kwa mikono miwili, kama kimeshika moto.

— Haki ya nani, sikujua.

— Majibu yangu nimepewa leo, Mama Pacha akasema. Sina hiyo swichi ya Soli. Wamepima na nyinginezo wanazozijua, hakuna hata moja yenye kidonge chake. Wametuma kipimo kingine, waone kama kuna dripu ya aina nyingine itakayonifaa zaidi. Sasa, hivi nikivimeza, mimi havinisaidii na mwenzangu vinamkosesha.

— Mbona hukuniita twende wote? Betri akauliza.

— Ungefunga kibanda, uje ukae pale unatetemeka. Nimekuja kukwambia mapema, basi.

Betri akamshika mkono. Soli alikuwa bado anatazama chini.

— Nisamehe, shemeji.

— Kwa lipi?

— Tumepata ugonjwa mmoja, wangu ndio ukawa na dawa.

— Jina tu ndilo moja. Akavuta pumzi. Soli, chumba chako na chetu vimetenganishwa na ukuta tu. Ulipoanza vidonge, kikohozi chako kilikoma. Nikawa nikilala najiambia, huko upande wa pili kuna mtu anapona. Hizi wiki za karibuni nimekusikia umeanza tena, nikajua dawa imeshindwa na kwako. Nililia. Usinifanyie hivyo. Cha leo umekimeza?

— Leo ilikuwa siku ya kuruka.

— Meza.

Nikasuuza kikombe, nikajaza maji safi, nikampa. Soli akameza mbele yetu sote, machozi yakimlengalenga. Gia akafungua kinywa kama anayetaka kutufafanulia jambo, akakifunga. Kisha akasogea, akampangusia Mama Pacha nafasi kwa kofia yake.

— Kaa, mwanangu. Kahawa wamekukataza?

— Hawajanikataza.

Nikammiminia.

Kesho yake Soli alikwenda kumweleza daktari ukweli. Alikaripiwa, akapigwa picha. Uvimbe ulikuwa umeongezeka kidogo. Alipoanza kumeza kila siku tena, ukatulia. Mama Pacha amebadilishiwa dripu. Kuna siku kikohozi kinampa nafasi ya kushona mpaka mchana, na kuna siku hakimpi. Gia humsindikiza hospitali, na njia nzima, anavyotuambia yeye mwenyewe, anamweleza ugonjwa ulivyo, naye humwacha amalize. Mama Pacha akirudi hupitia benchini kupumzika. Tukitaka kujua anaendeleaje, tunamuuliza yeye, si Gia.