Profesa wa Pande Zisizoonekana

Marehemu kaka yangu alizaliwa tarehe 4 Juni 1952, kifungua mimba wa mama yetu, fundi cherehani. Mimi ndiye niliyemfuata, kwa hiyo wasifu huu nimeuandika mimi. Ule ulioletwa na chuo nimeurudisha.

Shuleni alikuwa wa kwanza kila mwaka, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau. Mwaka 1980 alirudi nyumbani na shahada ya tatu ya fizikia.

Mwaka 1983 alimwoa wifi yangu, muuguzi. Karamuni, badala ya kumshukuru bibi harusi, alichomoa uzi kwenye gauni lake. "Kwa mbali huu ni mstari tu," alisema. "Usogeze machoni, una unene. Ulimwengu nao una pande zaidi ya urefu, upana na kimo, ila zimejikunja." Mama akauliza, "Nani kaziona?" "Bado." Wageni wakacheka. Bibi harusi alibaki ameshika pindo lililofumuka.

Chuoni alitabiri kwamba vipimo vya nguvu ya mvutano vitazifichua pande hizo. Wenzake wakapima, wasione kitu. Akasema ni ndogo zaidi. Wakapima tena. Akasema ni ndogo kuliko hapo. Pande zilisinyaa kila mwaka. Kichwa chake ndicho kilichozidi kuvimba.

Mwaka 2004 mwanafunzi wake, binti mpole, alimwonyesha kuwa kwenye hesabu zake alijumlisha palipotakiwa kutoa. "Wewe huna kichwa cha fizikia," akamjibu, na tasnifu yake akaikataa. Binti akaenda kufundisha sekondari. Mwaka uliofuata kaka akachapisha hesabu ileile, imesahihishwa, kwa jina lake peke yake. Ndiyo iliyompa uprofesa.

Figo zilimlaza mwaka 2019. Yule binti alikuja wodini, nami nilikuwepo.

"Umekuja kuniomba radhi?" kaka akauliza.

"Nimekuja kukuona, Profesa."

"Basi kaa. Usiguse karatasi zangu."

Akakaa, akamshikia kikombe cha maji. Nilingoja kaka aseme neno moja tu. Alisema maji ni ya baridi mno.

Alifariki tarehe 11 Februari 2021. Ameacha mjane, wana wawili, na mimi. Yule binti, sasa mwalimu, yuko hapa msibani, safu ya nyuma. Naomba asogee mbele, akae na familia. Hesabu ile ni yake, na leo nimelisema mbele ya wakubwa wa chuo, ambao siku zote walijua.

Pumzika, kaka. Na wewe, Mwalimu, mwanangu, tua mzigo huo, upumzike pia.