Mpaka Hapa Tuko Pamoja: Maisha ya Mwalimu Martina Alute Njiku (1961–2025)

Mwalimu Martina hakuwahi kuweka alama ya kosa kwenye kazi ya mwanafunzi. Alisoma taratibu mpaka pale hesabu ilipopotea njia, akapiga mstari chini ya hatua ya mwisho iliyokuwa sahihi, akaandika: "Mpaka hapa tuko pamoja." Walimu wenzake walimtania kwamba anapoteza wino. Hakuacha.

Alizaliwa Mungaa, wilayani Ikungi, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mzee Alute Njiku na mama Anastazia. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari huko Tabora mpaka kidato cha sita. Baada ya mwaka mmoja wa Jeshi la Kujenga Taifa alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu shahada ya sayansi na ualimu mwaka 1986. Kila likizo alirudi kuchunga mbuzi wa baba yake kana kwamba hakuwa amekwenda popote.

Alianza kazi Shinyanga. Mwaka 1991 alihamia Singida mjini, na kwa miaka thelathini akafundisha hisabati ya kidato cha tano na sita. Alistaafu 2021. Mtu wa kushika nafasi yake hakupatikana, basi akaendelea kwenda kila asubuhi kwa kujitolea, akiyalalamikia magoti yake njia nzima.

Tarehe 9 Januari 1988 alifunga ndoa na Peniel Msengi, bwana shamba, na baadaye wakajenga Unyambwa. Siku za mwanzo mama mkwe alimwuliza, "Hizo hesabu zako ni za kuuzia alizeti?"

"Hapana, mama. Hizi haziuzi kitu."

"Basi njoo tupepete uwele."

Akaenda kupepeta. Mzee Peniel alitangulia mbele za haki mwaka 2014.

Agosti 2023 figo za mwalimu zilianza kushindwa kazi. Kila wiki alisafiri kwenda Dodoma kusafishwa damu, akarudi amechoka hata viatu avuliwe. Siku moja basi lilisimamishwa Mkiwa, askari wa barabarani akaingia ndani, akamwona.

"Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye yule wa sifuri."

"Marahaba. Usijisingizie. Mistari mitatu ya kwanza ilikuwa sawa."

Abiria walicheka mpaka askari akasahau kilichompandisha.

Alipozidiwa na kushindwa kwenda shuleni, kilichomnyima usingizi kilikuwa kidato cha sita, watakaofanya mtihani wa taifa Mei hii, na ambao hawakuwa na mwalimu mwingine wa hisabati. Akamgeukia Scola, binti wa kaka yake, aliyekuwa akimuuguza, naye anafundisha kidato cha kwanza na cha pili shuleni hapo.

"Shangazi, mimi ni wa stashahada. Namba changamano nilizisikia kwa mbali."

"Na hao watoto wazisikie wapi? Leta kiti."

Jioni mwalimu alimfundisha Scola kutoka kitandani. Asubuhi Scola akayapeleka darasani aliyofundishwa, na jioni akarudi na maswali yaliyomshinda. Wote wawili walichoka. Zipo siku mgonjwa alisinzia katikati ya hesabu, na mwanafunzi wake naye akasinzia kwenye kiti, mpaka chai ikapoa. Mara nyingi mwalimu aliuliza, "Utawafikisha?" Jibu Scola analitafuta mpaka leo.

Alifariki nyumbani Unyambwa, Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, Scola akiwa darasani.

Ameacha watoto watatu, Calist, Catherine na Deo, wajukuu watano, kaka yake mzee Melkizedeki, Scola, na kidato cha sita, waliosimama leo upande wa kushoto wa kaburi. Mungu ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe hakujipa.

Asubuhi ile pumzi yake ilikuwa fupi. Scola aliweka mkoba chini, akasema haendi popote, atabaki naye, darasa litasubiri. Mwalimu alifumbua macho.

"Wahi, mwanangu," alisema. "Mimi leo sina kipindi."