Ng'ombe Aliyezoea Mifuko

Kijiwe cha Garsen, kile cha pembeni mwa njia panda ambako mabasi ya Lamu na ya Malindi huachana, ni ubao wa lori uliolazwa juu ya magurudumu mawili yaliyokufa. Wanaokaa hapo wameshatatua kila tatizo la nchi hii, mengine mara mbili, na hakuna hata moja lililokoma. Siku hiyo walikuwa watatu: Karisa, mkulima wa mihogo, aitwaye Gavana kwa wingi wa ahadi zake; Silas, fundi simu, aitwaye Mhandisi kwa sababu hakuna simu iliyowahi kutoka kwake na skrubu zote; na Mwaro, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Aliyewamiminia kahawa ni Abdia, ila macho yake hayakuwa kwenye vikombe. Nyuma ya birika, kivulini mwa ukuta wa duka, alikuwa amelala ng'ombe wake Madoa, ubavu wa kushoto umevimba, pua imekauka, hacheui tangu juzi. Ukame uliwamaliza wenzake wote. Madoa ndiye aliyebaki kunyonyesha nyumba nzima.

Kila mtu alijua kilichokuwa tumboni. Nailoni, zile za mifuko ya dukani. Zilipigwa marufuku miaka kadhaa iliyopita, na bado zile nyembamba za kufungia nyanya zinaingia mjini kama zina kitambulisho. Lakini Madoa hakuziokota kwa bahati mbaya. Madoa alifundishwa.

Hilo ndilo lililowachosha wote. Miezi michache nyuma, kikundi cha akina Karisa kililetewa mradi wa mifuko ya wanga wa muhogo, mifuko inayooza. Siku ya maonyesho sokoni, watu wa mradi wakasema mfuko huo hata ng'ombe anaweza kuula. Sasa huu ni mji wa mifugo; neno kama hilo haliwezi kupita hivi hivi. Watu wakataka waone. Abdia, aliyeamini yote, akamtoa Madoa mbele, na Karisa akaupaka mfuko chumvi ya magadi, kama ifanyikavyo kwa chochote unachotaka ng'ombe akipende. Madoa akala, makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Kisha mradi ukaondoka, mifuko ya muhogo ikaisha, na Madoa akabaki na uroho. Kila mfuko aliouona mkononi mwa mtu aliufuata, na nani angemweleza upi ni wa muhogo na upi ni wa nailoni?

— Muhogo wangu hauna makosa, alisema Karisa.

— Nani kasema una makosa, Gavana? Tunasema chumvi ilikuwa yako, akajibu Silas.

Karisa akaahidi kwamba mradi ukirudi, mifuko yote itachovywa pilipili kali, hapo mnyama hataigusa. Silas akauliza nyanya nazo zitaliwa na nani. Yeye aliona dawa ni rahisi: simu ikimeza maji huifukia kwenye mchele, basi ng'ombe ashibishwe mchele mkavu, uvute uchafu wote.

— Umeshaponya simu ngapi kwa mchele? Abdia aliuliza bila kugeuka.

— Kuponya ni neno kubwa, dada.

Mwaro akaingia kati. Alisema nailoni za siku hizi zinatiwa harufu ya majani mabichi huko zinakotoka, mifugo iishe, tununue maziwa ya unga.

— Umeyasikia wapi hayo?

— Hapa hapa, jana.

— Jana aliyesema ni wewe, Redio.

— Na hakuna aliyenipinga.

Wakahamia kwenye majani ya mgomba, ambayo bibi zao huko mtoni walifungia samaki, na vikapu vya majani ya mkoma, na vibuyu. Kila mmoja alivisifu kwa uchungu kama marehemu. Hakuna aliyekuja na kikapu. Mwaro alivisifu kuliko wote huku akibugia njugu, na zilipoisha akakiachia kifuko chake cha nailoni, kikapepea hadi barabarani. Abdia alikitazama kikienda.

Abduba, ndugu wa mumewe, alikuwa amechuchumaa kando ya kichwa cha ng'ombe tangu asubuhi, kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Daktari wa mifugo alikuwa amesema anatoka Hola. Sasa akapiga simu: gari limezama mchangani, wasimtegemee leo.

— Shemeji, Abduba akasema taratibu, akikata roho mwenyewe ni mzoga. Hakuna atakayemla. Niambie.

Abdia akaenda. Mkononi alikuwa bado na sukari ya kahawa, kilo nzima aliyopimiwa dukani, ndani ya kifuko chembamba cha aina ile ile. Alipoinama kumshika Madoa shingoni, kifuko kikachakarisha. Ng'ombe ambaye tangu jana hakuinua kichwa hata kwa maji aliinua kichwa. Akatoa ulimi, akaunyoosha kuelekea mkononi mwake.

Abdia akakificha kifuko nyuma ya mgongo.

— Mchinje, alisema.

Walipopasua tumbo, kijiwe kizima kilisimama kutazama. Lilitoka donge la mifuko lililosokotana kama kamba ya ngalawa, na ndani yake rangi zote za maduka ya Garsen. Hakuna aliyetoa nadharia. Nyama ikatundikwa pale pale, na watu wakajipanga, akina Karisa wakiwa mbele, kila mmoja akisema anataka kumsaidia Abdia.

Mstari ulikuwa bado haujasogea, basi la Malindi lilipomshusha msichana mmoja, mwalimu mpya wa shule ya Minjila aitwaye Cynthia. Aliona nyama mbichi, hakuona kingine. Akaomba mnofu, Abduba akakata, akamnyooshea.

— Asante, kaka. Na nitaibebea nini?

Silas akamtazama Karisa. Karisa akatazama viatu vyake. Dukani nyuma yao mifuko ilikuwa imetundikwa mlangoni, myeupe, ikitikisika, na hakuna aliyethubutu kugeuka. Abduba akabaki ameinyoosha nyama, damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.